Tulivyomhamishia Narae Kariakoo

Sisi tuliokulia Kariakoo kabla maghorofa hayajatuzibia jua tunajuana hata tusipotajiana majina. Ukimkumbusha mwenzio barafu ya ukwaju ya kwenye mfuko, ile ya kung'ata kona ukafyonza mpaka ikabaki nyeupe, anacheka peke yake. Ukimtajia michezo ya rede na kombolela, anayaangalia magoti yake kama vile makovu bado yapo. Na yapo. Ya kwangu yapo, ila siku hizi magoti yenyewe yananiuma kwa sababu nyingine: kusimama dukani tangu saa mbili asubuhi, nakunjua vitenge na kuvikunja tena kwa wateja ambao wengi wao wanauliza bei tu. Nikifika nyumbani nimechoka kiasi kwamba hata kuvua viatu naona ni safari. Nikikaa hivyo, viatu mguuni, ndipo huwa navikumbuka vitabu vitatu vya Kikorea.

Najua mtu atauliza, Kikorea cha wapi, enzi zile? Kweli, enzi zile Korea kwetu ilikuwa jina la timu ya mpira tu. Hapakuwa na tamthilia zao zilizotiwa sauti za Kiswahili, wala mabinti wa kupaka midomo kama wasichana wa Seoul. Lakini vitabu vilikuja, na vilikuja kwa mlango wa rafiki yangu Manka.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, hatua chache kutoka Msimbazi. Sisi tulipanga chumba cha pili kushoto. Mama yangu, mtu wa Lindi, alikuwa akiuza vitumbua barazani, na kabla jogoo wa jirani hajawika mimi nilikuwa nimeshaamshwa na harufu ya iliki. Baba alikuwa dereva wa lori la mikoani. Siku tukimwona ilikuwa sikukuu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la pili. Aliweza kuandika jina lake na kusoma neno moja moja kwa kidole, basi. Lakini maneno ya kusema alikuwa nayo. Ukimjibu vibaya alikwambia, "Mdomo wako una miguu mirefu, utakuacha nyuma."

Manka alikaa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la jumla la wazazi wake, Wachaga wa Kilimanjaro waliouza ndoo, majagi na mabeseni ya plastiki. Alisoma shule ya Kiingereza. Basi la shule lilimshusha saa tisa akiwa na sweta jekundu, katika joto lile la Dar, jasho likimtiririka kama amemwagiwa maji. Mimi nilikuwa shule ya serikali, mchakamchaka asubuhi, fagio la chelewa mkononi, na dawati moja tunabanana watano. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa na Kiingereza, mimi nilikuwa na Kiswahili, na hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa hiyo ilikuwa mali.

Baba yake mdogo alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Familia moja ya Wakorea iliyokuwa ikiishi Upanga ilipohama, aliwasaidia kusafirisha vyombo vyao, nao wakamwachia boksi la vitu ambavyo hawakutaka kuvibeba: viatu vya mtoto, saa ya ukutani, na vitabu vitatu vya hadithi vilivyotafsiriwa kutoka Kikorea kwenda Kiingereza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu mtoto wao alikuwa ameandika jina lake kwa herufi za kwao, viduara na vijiti. Hatukuweza kulisoma. Tulimwita tu "mwenyewe".

Ilikuwa hadithi moja ndefu iliyogawanywa katika vitabu hivyo vitatu. Msichana anayeitwa Narae anaishi na mama yake katika mji wa milimani. Narae anaugua homa ya kufa. Mama yake anaingia Soko la Ukungu, soko linalofunguliwa asubuhi zenye ukungu mzito tu, na wauzaji wake ni dokebi, viumbe kama majini, watani sana, kila mmoja na rungu lake. Pale hawapokei fedha. Mama anatoa sauti yake, anapewa dawa. Mtoto anapona, lakini tangu siku hiyo mama hasemi tena. Basi Narae naye anaingia soko lile kuitafuta sauti ya mama yake, banda kwa banda.

Tulisomea stoo, tumekaa juu ya marundo ya mabeseni yaliyofungwa kwa kamba, pua zimejaa harufu ya plastiki mpya. Manka alisoma sentensi kwa Kiingereza, akanieleza alichoelewa, mimi nikaigeuza Kiswahili na kuiandika kwenye daftari kubwa. Neno likitushinda tulifungua kamusi ya baba yake. Kamusi ikishindwa, tuliamua wenyewe. Kulikuwa na keki za mchele zilizopikwa kwa mvuke; tulibishana siku nzima, mwisho zikawa vitumbua. Kabichi iliyochachushwa kwa pilipili ikawa achari. Theluji ilitusumbua kuliko vyote. Manka alikuwa ameiona kwa mbali, kule kileleni, alipokwenda likizo kwa bibi yake.

"Ni nyeupe," alisema. "Haifanyi kitu. Imekaa tu."

Lakini kwenye kitabu ilikuwa inaanguka. Nikaandika: siku hiyo unga mweupe ulinyesha kutoka juu, na haukuwa sembe. Manka alicheka mpaka akaporomoka na mabeseni, na mama yake akaja kutuuliza kama tumekuja kusoma au kubomoa duka.

Jambo moja kwa Narae hatukulielewa kabisa. Mtoto yule hakujua kununua. Dokebi akimwambia nipe kumbukumbu ya siku yako nzuri kuliko zote, yeye anatoa. Manka alikifunga kitabu kwa hasira. "Bei ya kwanza unaikubalije?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekubali.

Siku moja Mama alilikuta daftari kitandani. Alisoma kwa kidole, polepole, mpaka akafika kwenye neno majini. Akalitupa juu ya kabati. "Kitabu cha majini hakilali humu ndani," alisema. Nilimwomba anisikilize ukurasa mmoja tu, akiona kibaya alichome. Aliendelea kupepeta mchele, na mimi nikapanda stuli nikalishusha. Nikasoma ukurasa mmoja. Nikaunganisha wa pili. Nilipofika pale mama yake Narae anapofungua mdomo kumwita mwanawe na hakitoki kitu, ungo ulisimama.

"Endelea," alisema.

Kuanzia hapo kila jioni, baada ya madrasa, nilimsomea Mama tulichokiandika mchana, na wapangaji wenzetu wakawa wanasogeza vigoda mlangoni. Mama ndiye aliyekuwa msikilizaji mgumu. Kila banda alitaka kumfundisha Narae kupatana. "Mwambie aondoke kidogo," aliniambia. "Wakimwona anaondoka, watamwita."

"Mama, imeshaandikwa."

"Kwani aliyeandika hafuti? Nendeni mkaandike upya."

Nakiri leo, mabanda mawili tulimpunguzia bei. Aliyeandika kitabu kile kwao, kama yu hai, anisamehe.

Tulimaliza kitabu cha pili karibu na siku ya wazazi shuleni kwetu. Mwalimu wa Kiswahili alitaka insha za kusomwa mbele ya wageni. Nilinakili sura moja, ya Narae kwenye banda la muuza vioo, nikampelekea. Sikuwa nimepanga kudanganya. Nilikuwa nimepanga kueleza. Mwalimu aliisoma yote amesimama, kisha akavua miwani.

"Somoe, hii umetunga mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anapojibu yupo wakati wa kuitwa majina.

Siku ya wazazi nilivaa sketi iliyopigwa pasi ya mkaa, nikasimama mbele ya watu, nikasoma. Mama alikuwa mstari wa tatu, na pembeni yake alikuwa Manka, na sweta lake. Mama ndiye aliyempitia dukani, akidhani atafurahi kuisikia kazi yetu ikisomwa. Niliwaona nikiwa katikati ya ukurasa wa kwanza. Nilikuwa bado na nafasi. Nilipomaliza, watu walipiga makofi, mwalimu mkuu akanipa kalamu na madaftari, akaniuliza kwenye kipaza sauti mawazo kama yale nayapata wapi.

Nikasema niliota.

Manka aliendelea kupiga makofi baada ya wengine kuacha. Polepole, ananiangalia. Kisha akaacha, akainama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alikuwa anaelekea getini.

Tulirudi kwa miguu, Mama mbele. Tulipofika karibu na soko akasimama kama aliyesahau kitu. "Yale makofi yalikuwa ya watu wawili," alisema. "Umeyabeba peke yako. Kesho nenda ukapunguze mzigo."

Kesho sikwenda, wala keshokutwa. Aibu ina hila zake. Kila siku iliniambia kesho itakuwa rahisi zaidi. Nikawa nazunguka mtaa wa nyuma ili nisipite mbele ya lile duka. Nikitumwa ndoo, nanunua kwa mtu mwingine. Likizo ikapita hivyo. Shule zilipofunguliwa Januari ndipo nilipochukua vitumbua sita kwenye sahani ya Mama, nikavifunika kawa, nikavuka barabara.

"Shikamoo, Mama Manka."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea. Manka tumempeleka bweni Moshi, juzi hii ameondoka. Hukuja kumuaga?"

Nilibaki nimeishika ile sahani. Nikauliza kama ameondoka na vitabu.

"Ameondoka na kimoja," alisema, akainama chini ya meza ya duka. "Hivi viwili amesema ni vyako."

Angevichana ningelia nikamaliza. Nilivuka barabara na vitabu viwili vya mwanzo kwapani na vitumbua vyangu mkononi, maana hata kuviacha nilisahau. Mama aliniona, akahesabu mwenyewe kilichotokea, akaipokea sahani.

Baada ya hapo maisha yalikwenda kama yanavyokwenda. Wazazi wa Manka walihamisha biashara yao, nasikia Arusha. Nyumba yetu ilivunjwa na mwenye nyumba, ikajengwa ghorofa ya maduka. Tukahamia Mbagala. Baba akafariki. Mama akaacha vitumbua, moshi ulikuwa umemchosha macho, na mimi nikaanza kuuza vitenge kwa mtu kabla ya kupata kisehemu changu. Kila baada ya muda, tunakula au tunakunja nguo, Mama aliuliza, "Hivi yule mtoto aliipata sauti ya mama yake?" Namjibu sijui. Anaitikia kwa kichwa, anaendelea na lake. Hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Angenisimanga ingekuwa nafuu.

Figo zilipomzidi alilazwa Upanga, hospitali kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kila mchana nilifunga duka, namwacha binti yangu kwa jirani, nakwenda na uji wake kwenye chupa. Siku moja akaniambia, "Lile daftari bado unalo?" Nilikuwa nalo. Kurasa zimegeuka rangi ya chai, mwandiko wa mtoto, mistari inapanda mlima. Nikamsomea sura moja kila siku. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Rufiji, akawa anawakemea ndugu zake wanaokuja kumwona: "Nyamazeni kwanza, mtoto yuko sokoni."

Siku tulipomaliza nilifunga daftari.

"Malizia," Mama alisema.

Nikamwambia nimebahatika kukipata kitabu cha tatu, nimekisoma. Nikaanza kutunga palepale, macho yangu yako kwenye dripu yake. Narae akafika banda la mwisho. Dokebi mzee akamwambia sauti ya mama yako ipo, nipe ya kwako. Narae akasema ghali. Akageuka, akaondoka, hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Wakamwita. Wakampa kwa wimbo mmoja tu, akauimba, akarudi nyumbani kabla ukungu haujapanda.

Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Hiyo si ya kitabuni," alisema. "Yule mtoto wa kitabuni hajui kuondoka."

Nikaliweka daftari kando. Alinitafuta mkono juu ya shuka, akanishika kidole kimoja, nguvu za kushika viwili hakuwa nazo.

"Safari hii umetunga mwenyewe," alisema.

Alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa njiani na uji.

Ilipita kama miaka mitatu. Mwanamke mmoja akaingia dukani kwangu kutafuta vitenge vya sare ya harusi. Alipatana vizuri mno. Kila bei niliyotaja aliitazama kana kwamba imemkosea heshima. Alikuwa ameshageuka kuondoka, nami nimeshamwita, ndipo nilipomtazama usoni.

"Manka," nilisema.

"Nilikuwa najiuliza itakuchukua muda gani," alisema.

Nilimtolea kigoda. Nikamwambia yale niliyopaswa kumwambia nikiwa mtoto. Nilidhani ni mengi; kumbe ni sentensi tatu, nikajishangaa nilivyozibeba miaka yote ile. Manka alikuwa anachezea ncha ya kitenge.

"Nilishasahau," alisema. Kisha akaangalia barabarani, mikokoteni inapita. "Hapana. Sijasahau. Siku ile tumbo liliniuma mpaka wakaniitia daktari. Mama yako hajambo?"

Nikamweleza. Akanipa pole, akaiacha ikae kidogo, hakuifukuzia na maneno mengine. Mteja alichungulia, nikamwambia arudi baadaye.

"Kiliishaje?" nilimuuliza. "Cha tatu."

"Hakuipata," Manka alisema. "Sauti ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, akaitumia mpaka ikaisha. Narae akarudi nyumbani mikono mitupu, mama yake akamwandalia vitumbua." Alisema vitumbua, na wala hakusita. "Wakajifunza kuelewana hivyohivyo. Ndiyo mwisho."

"Basi?"

"Basi. Nilikisoma bwenini, peke yangu, nikakiona kifupi. Kila nikifika sentensi nzuri nilikuwa nageuka kumtafuta wa kuiandika."

Nilimkatia vitenge vyake kwa bei aliyoitaka. Tulipeana namba. Sikukuu tunatumiana salamu, Idi ananitumia yeye, Krismasi namtumia mimi, na mwaka jana alinipigia nilipougua malaria. Hatujawa marafiki kama wa stoo. Tunapanga kuonana, halafu mwezi unaisha. Watu wazima tunachoka, na uchovu nao unakula mengi.

Sasa nina binti wa miaka kumi na miwili, Nasra, na simu yangu ya zamani ndiyo maktaba yake. Anasoma hadithi za Kikorea, hizohizo za soko na majini na watoto wanaovuka kwenda dunia nyingine, zimetafsiriwa, nyingine na watu, nyingine na mashine, zimejaa humo kama mchanga. Nilipomtajia dokebi alinihurumia. "Siyo hivyo, Mama," alisema, akalitamka kama aliyezaliwa kule. Theluji haimsumbui, ameiona kwenye kioo mara elfu. Keki za mchele anazijua mpaka umbo lake, hajawahi kubishana na mtu kuhusu jambo hilo, na bando likikatika analala na kujifunika shuka kama mwenye homa. Simlaumu. Anasoma kitabu kwa siku moja, sisi kimoja kilituchukua miezi. Makosa hana. Sisi tulikosea karibu kila ukurasa.

Jumapili iliyopita mchana nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto, naye yuko sakafuni na spika zake masikioni. Nikamgusa begani. Nikamwambia anisomee kidogo anachosoma.

"Ngoja nikutumie, Mama," alisema.

Simu yangu ikalia. Alikuwa amenitumia kitabu kizima, yuko hatua mbili kutoka nilipo. Nikavaa miwani. Maandishi yalikuwa madogo, nikayakuza, yakawa makubwa mno, sentensi moja inajaza kioo chote. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaanza wa pili, usingizi ukanichukua na miwani usoni. Nilipoamka alasiri ilikuwa imeingia, chai yangu imepoa, na Nasra alikuwa ameshamaliza. Nikamuuliza mwisho wake umekuwaje.

"Umeisha vizuri tu," alisema, na kidole chake kilikuwa kimeshafungua kingine.